Buti la ngozi lenye utando: linafaa kwa tope la majira ya kuchipua, ila si kwa kila dimbwi

Majira ya kuchipua yakianza, ardhi imeshiba maji na mimea bado haijaanza kuyanywa, kwa hiyo njia za mashambani huwa uji. Asubuhi udongo ulioganda kwa baridi hupitika vizuri. Kufika adhuhuri umeyeyuka, na hapo ndipo buti hujulikana. Linalopimwa hapa ni buti la ngozi linalofunika kifundo cha mguu, lenye utando wa aina ya Gore-Tex ndani, yaani tabaka jembamba la kuzuia maji, kwa matembezi ya watu wawili yanayochukua muda wa saa tatu au nne.

Utando wenyewe hauna neno. Vitundu vyake ni vidogo mno kwa tone la maji kupenya, lakini mvuke wa jasho hupita. Kasoro huanzia nje. Dawa ya kuzuia maji ikiisha kwenye ngozi, ngozi hulowa chepechepe, mvuke ukakosa pa kutokea. Soksi zikilowa kwa jasho, mwenye buti hulalamika kwamba linavuja. Kabla ya kulirudisha dukani, dondoshea maji juu ya vidole. Yakiviringika na kuanguka, dawa ipo. Yakiacha doa jeusi, osha tope lote, kisha paka dawa upya. Nyingi hupakwa ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, lakini soma kopo.

Maji yanayoingia kwelikweli hupitia juu, kwenye shingo ya buti. Dimbwi likizidi kifundo, buti la mpira linashinda, hakuna ubishi. Shida yake ni kisigino kinachopanda na kushuka ndani kila hatua. Mwendo ukiwa mrefu, malengelenge hayo. Tena mmoja akivaa mpira na mwenzake ngozi, mwendo haulingani: huyu anakata dimbwi katikati, yule anatafuta pa kukanyaga.

Soli ndiyo ya kuangaliwa kuliko rangi na jina. Kashata, yaani vinundu vya chini ya soli vinavyoshika ardhi, ziwe na kina cha milimita 4 hadi 5 na zipishane kwa nafasi. Zilizobanana hujaa tope, soli ikawa laini kama sahani, na mteremko wenye nyasi mbichi hausamehi. Ncha ya kidole kidogo isipoingia kati ya kashata, liache.

Lijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi nene za sufu. Kamba zikiwa wazi, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse. Kidole kimoja cha mkono kiingie nyuma ya kisigino. Wakati wa kufunga, zungusha kamba mara mbili mahali mguu unapokunjika, la sivyo vidole vitagonga mbele kila mnaposhuka.

Mkirudi, toa soli ya ndani, jaza magazeti, yabadilishe yakilowa. Usiweke karibu na moto: gundi huachia na ngozi hupasuka.

Na buti la rafiki lililokaa kabatini miaka mingi? Likague kabla hamjatoka. Soli ya kati, yaani tabaka laini lililo juu ya soli ya nje, ikiwa ya poliyurethani (aina ya plastiki), huoza hata bila kuvaliwa. Ibonye kwa kidole gumba. Ikimeguka, soli itabanduka njiani, na hapo mita 2 za kamba ya akiba ndizo zitakazowafikisha nyumbani.