Darubini Isiyo na Skrubu na Kijana Aliyeniita Shosho

Kwanza kabisa, mimi si shosho. Nina miaka hamsini na minne, mjukuu sina, na wanangu wawili wamenihakikishia kwamba hawana haraka. Kwa hiyo siku ile nilipoingia kwenye duka moja la Nakuru, juu ghorofani, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue, nikauliza kama wana darubini ndogo, na kijana aliyeegemea kaunta akanijibu bila kuyatoa macho kwenye simu yake, "Shosho, hizo ni za kuangalia nyota," ningegeuka nikashuka zile ngazi. Sikushuka. Kosa langu ni hilo moja. Mengine yote ni yao.

Nilikuwa nataka ya kupigia picha kasuku. Ninaishi Naivasha, na mtu yeyote wa huku anawajua hawa ndege wetu wadogo wa kijani: mdomo mwekundu, duara jeupe kuzunguka jicho kama amevaa miwani, na kelele zinazoanza kabla jogoo hajamaliza zake. Wageni hudhani ni wa hapa tangu enzi. Kwao hasa ni Tanzania. Walifugwa vizimbani, wengine wakatoroka, wengine wakaachiliwa, wakayapenda maisha ya kando ya ziwa. Tena wako wa aina mbili: mmoja ana uso wa rangi ya chungwa, mwingine ana kichwa cheusi na kola ya manjano. Kule kwao kila mmoja ana upande wake. Hapa wameoana, hata hujui mtoto ni wa ukoo gani. Lakini hayo yote huyaoni kwa macho matupu. Unachoona ni kundi la kijani likipita juu ya mabati likipiga makelele. Na ukikuza picha kwa simu unapata madoa.

Kwa jirani kuna mgunga uliokauka wenye tundu, na wao hukaa humo. Jirani mwenyewe aliniambia, "Mwalimu, si umtege mmoja tu umweke kwa kizimba, umwangalie mpaka uchoke?" Nikamjibu kwamba sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mchezo, na kwamba kwa vyovyote vile vizimba ndivyo vilivyotuletea hawa ndege. Akacheka. Mimi nikaanza kuweka pesa.

Basi nililipa elfu kumi na tatu na mia tano, kwa simu, papo hapo. Ndani ya boksi, kwa maneno ya kijana, kulikuwa na darubini, miguu mitatu ya kusimamishia, lenzi mbili za kuchungulia na kishikio cha kubana simu. Nikamwomba afungue nione. "Shosho, iko na gundi ya kiwanda. Tukifungua si mpya tena." Nikanyamaza. Mwalimu wa miaka yote hiyo, ninayewaambia watoto wa darasa la sita wahesabu chenji kabla ya kuondoka dukani, nikabeba boksi lililofungwa nikaenda nalo steji. Makanga naye akataka boksi lilipiwe kiti. Nililipakata mpaka Naivasha, na harufu ya nyama choma ya Kikopey ilipoingia dirishani sikuweza hata kugeuza shingo.

Kesho yake asubuhi nikaisimamisha uani. Kitu cha kwanza nilicholenga kilikuwa tangi la maji la jirani, kwa sababu lina maandishi makubwa. Maandishi yakaja kinyume, kama unayasoma kwenye kioo cha kinyozi. Nikafikiri nimeifunga vibaya, nikaifungua, nikaifunga tena, bado. Nikapiga simu dukani. Kijana akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ndivyo zilivyo, shosho. Nyota hazina kushoto wala kulia."

Sasa, niwe mkweli: hilo ni jibu zuri. Nimelifikiria mara nyingi nikiwa na hasira na bado naliona ni zuri. Kumbe kile kiwiko chenye kioo, pale unapoinama kuchungulia, huisimamisha picha vizuri, juu ikawa juu, lakini hugeuza kushoto kuwa kulia. Anayetazama mwezi hajali. Anayefuata ndege anajali sana. Kasuku akiruka kulia, unamwona anaruka kushoto, na mkono wako unasukuma darubini upande usiofaa. Wiki mbili nilikuwa nikipiga picha matawi matupu.

Lakini hilo lilizoeleka. Ambalo halikuzoeleka ni hili.

Nikiangalia kwa jicho, picha ilikaa vizuri. Nikibana simu kwenye kishikio, nikizungusha kigurudumu cha kurekebishia fokasi mpaka manyoya yakaonekana moja moja, nikiondoa mkono, picha inaanza kufifia yenyewe. Polepole, kama mtu anayepumulia kioo. Narudisha, inafifia. Narudisha, inafifia. Nilidhani ni umande. Nilidhani ni macho yangu, nikabadilisha miwani. Siku ya tatu nikakaa pembeni, nikaacha kuchungulia, nikaiangalia darubini yenyewe, na nikaona: ule mrija wa nyuma, unaoshika lenzi na simu, ulikuwa unateleza. Darubini inatazama juu mtini, simu ina uzito wake, basi mrija unarudi nyuma kidogo kidogo, na fokasi inakwenda nao. Nikapapasa kwa chini, kidole kikakuta tundu dogo lenye nyuzi ndani. Tundu tupu. Kwenye kile kikaratasi cha maelezo, katika mchoro, mahali hapohapo pana skrubu. Kazi yake ni kukaza mrija usiteleze.

Skrubu moja. Elfu kumi na tatu na mia tano, na skrubu moja haimo.

Nikarudi Nakuru na boksi zima. Safari hii nilipanda ngazi nikiwa nimeshapanga maneno. Kijana alikuwa palepale, kama kwamba tangu siku ile hajainuka. Nikamwonyesha tundu, nikamwonyesha mchoro. Akaipokea darubini, akaigeuza, akanirudishia.

"Umeipoteza wewe, shosho."

Nikamwambia sijawahi kuiona, nitaipotezaje. Akanionyesha nyuma ya risiti, kwa herufi za kusoma ukiwa na darubini: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Nikamwambia kuna Katiba, Kifungu cha 46, mtumiaji ana haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa. Ninalifundisha hili darasani, sikulitoa hewani. Akasema, "Katiba haiuzi darubini," na wateja wawili waliokuwa wakichagua vipaza sauti wakacheka. Ndiyo, mlicheka. Mmoja wenu alikuwa na koti la shule ya udereva na bado nakukumbuka.

Sikuwa nataka pesa. Nataka ieleweke hivyo. Nilikuwa nataka afungue droo, maana duka lile lina droo za skrubu za kila namna ukutani, atoe skrubu aseme, "Pole, mama." Dakika moja. Badala yake nilitembea mpaka steji nikiwa nimebeba boksi lilelile, na safari hii makanga hakuuliza chochote, nadhani aliona uso.

Kwa hiyo usiku ule niliandika maoni ya mteja kwamba duka hili ni la wezi na darubini hii ni takataka, nikaipa nyota moja kwa sababu haikuwezekana kutoa sufuri. Maoni hayo nimeyafuta. Sasa naandika upya, na nisomeni mpaka mwisho kwa sababu sijui mwenyewe nitaishia wapi.

Nyuma ya soko la Naivasha kuna fundi wa redio. Nilimpelekea darubini nikiwa sina matumaini. Aliitazama kidogo, akasema, "Mwalimu, hii inataka skrubu tu," akachokonoa ndani ya mkebe wa maziwa ya unga uliojaa vyuma, akajaribu ya kwanza, akajaribu ya pili, ya tatu ikaingia. Ilitoka kwenye kaseti mbovu. Akakata kipande cha tiubu ya baiskeli, akakiweka katikati ili chuma kisikwaruze mrija. Shilingi hamsini. Mwalimu, ameniita. Hakuniuliza umri.

Na hapo, jamani, ikawa darubini.

Niwaambie niliyojifunza maana pale dukani hakuna atakayewaambia. Zile lenzi mbili, yenye namba kubwa ndiyo inakuza kidogo, na ndiyo ya kutumia. Ile nyingine inakuza mpaka ndege anakuwa ukungu wa kijani unaotetemeka. Usiguse simu wakati wa kupiga. Mimi nachomeka waya wa spika za masikio, nabonyeza kitufe chake cha sauti, simu inapiga bila kutikisika. Piga asubuhi. Kufika saa nne jua limeshachoma mabati, joto linapanda, na kila kitu kinacheza kana kwamba kiko chini ya maji. Ndege akiwa na mbingu nyeupe nyuma yake atapata pindo la zambarau kandokando, hilo halina dawa kwa darubini ya bei hii, msubiri ashuke kwenye majani. Na jua lenyewe usilielekeze darubini kamwe, hata kwa bahati mbaya, linaunguza jicho papo hapo. Onyo hilo liko kwenye kikaratasi kwa herufi ndogo kuliko zote. Ule mgunga wa jirani uko mashariki. Kijana alijua nakwenda kupiga picha ndege alfajiri, na hakufungua mdomo.

Jumamosi moja, mvua ikiwa imekatika usiku, nilikuwa nimeshalenga tundu na kukaza ile skrubu ya kaseti. Akaja mmoja na utepe wa gamba la mti mdomoni. Nadhani ni jike, kwa kuwa kwa hawa kubeba vifaa vya kiota ni kazi ya jike. Utepe ulikuwa mrefu kumshinda yeye mwenyewe mara mbili. Akatua mlangoni, utepe ukakwama kwa upana, ukamzuia kama mtu anayeingiza godoro kwenye nyumba ya bati. Akasukuma. Akasukuma tena. Kisha akatulia, akageuza kichwa, akauachia nusu, akaushika kwenye ncha, na kuuvuta ndani kwa urefu, pole pole, mpaka ukaisha. Nilimwona kope. Nilimwona vumbi la gamba limeshika kwenye lile duara jeupe la jicho. Na kichwa chake hakikuwa cha chungwa wala cheusi: kilikuwa rangi ya moshi, kahawia iliyoungua, na shingoni pana manjano iliyochafuka. Mchanganyiko kabisa. Mtoto wa Naivasha.

Nilipiga picha arobaini na kitu. Tano zimetoka. Moja nimeichapisha, iko ukutani sebuleni, nayo nimeigeuza kwenye simu kwanza ili kushoto iwe kushoto.

Sasa nitoe nyota ngapi? Kwa ile asubuhi peke yake ningetoa tano. Nilikuwa nimeshaandika tano. Kisha nikakumbuka "umeipoteza wewe", nikateremka mpaka mbili. Mume wangu anasema darubini haikunikosea, aliyenikosea ni mtu, na nipime kitu kwa kitu. Yeye hakuwa pale ngazini. Darubini: nne, moja naipunguza kwa ajili ya miguu yake mitatu, ambayo ni myembamba na inayumba upepo wa ziwa ukianza mchana, nimeining'inizia mfuko wa mawe. Duka: sijui. Kishikio cha simu: kizuri, na hilo linaniudhi.

Nilifanya jambo moja ambalo sijamwambia mume wangu. Nilimtumia yule kijana picha, ile ya utepe. Bila maneno, picha tu. Nilitaka aone. Zikapita kama saa mbili, nikajua hajali, na nikaanza kujilaumu. Kisha simu ikalia.

"Aiii shosho!! Huyu ndege umempata na ile yetu? Hii ni moto. Tuko na ingine kubwa imeingia juzi, elfu ishirini na tisa, na hiyo haigeuzi picha."

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Haigeuzi picha. Jana jioni nilimjibu, nikamuuliza mambo mawili: kama atafungua boksi mbele yangu tuhesabu skrubu zote, na kama anaweza kuniita mwalimu.

La kwanza amekubali.