Nilipeleka zege na nondo zangu Industrial Area zikavunjwe

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na kiinua mgongo changu chote kiko Utawala, Nairobi, kwenye mjengo wa ghorofa tatu. Injinia alikataa slabu ya kwanza imwagwe kabla nguzo hazijapimwa, akanielekeza kwa maabara moja ya Industrial Area. Jina lao nalihifadhi, maana nina la kusifu na nina la kulalamikia.

Siku ya kumwaga nguzo fundi alijaza kalibu sita za chuma, kila upande milimita 150. Zege huingizwa kwa tabaka tatu, na kila tabaka hushindiliwa mara 35. Nilikaa kwenye ndoo nikihesabu. Kalibu ya kwanza alifika 35 bila tatizo. Kufikia ya tatu alikuwa anashindilia kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu. Nikaitia alama ya chaki ya bluu, nikanyamaza.

Vipande vikakaa kwenye pipa la maji. Siku ya saba nikatia vitatu guniani, kila kimoja kama kilo nane, na makanga akanitoza nauli ya abiria wa pili.

Sasa la kusifu. Kijana wa mashine aliniambia, “Karibu, mathe, ila simama nyuma ya wavu.” Akapangusa mchanga, akakipima kipande kwa rula, kisha akakilaza ubavu. Nikamuuliza mbona hakukiweka kilivyokaa kwenye kalibu. Akanipitishia kidole kwenye uso uliosawazishwa kwa mwiko: una mabonde. Ukibanwa hivyo, mzigo unaangukia vilima vichache na jibu linakuwa la uongo. Pande zilizogusa chuma cha kalibu ndizo zimenyooka.

Mashine ikaanza kukibana, mshale wake ukapanda taratibu. Kwa muda hakuna sauti, halafu kukaanza kulia kama bisi kwenye sufuria, kisha pu! Pande nne zikapukutika, kikabaki kitu chenye kiuno chembamba katikati na upana juu na chini. “Hivyo ndivyo kinavyotakiwa kufa,” akasema. Nguvu iliyokivunja: kilonewtoni 378. Cha pili 369, kiuno kilekile. Cha chaki ya bluu kilipasuka upande mmoja tu kwenye 301, na ndani kulikuwa na matundu, kokoto zimeachana bila uji wa simiti.

Hesabu niliifanya palepale nyuma ya risiti. Gawanya kwa milimita mraba 22,500 za uso wake, yaani 150 mara 150: newtoni 16.8, 16.4, na 13.4 kwa kila milimita mraba. Zege la daraja la 25, yaani linalotakiwa kufika newtoni 25 siku ya 28, hutarajiwa kuwa na thuluthi mbili hivi ya nguvu yake siku ya saba, kwa hiyo viwili viko sawa. Cha tatu kilipima simu ya fundi. Vile vingine vitatu, siku ya 28, vilitoa 26.2, 26.8 na 25.6. Nililala usingizi.

Wanayo pia nyundo ya Schmidt, ile inayogongwa ukutani ikadunda na kusoma namba. Sikuilipia. Inasoma ugumu wa ngozi ya zege, na kwa jengo la zamani ngozi hiyo huwa imekakamaa kuliko nyama.

Kilichoniudhi ni nondo. Nilipeleka vipande vya Y12, yaani nondo za unene wa milimita 12, kutoka lori mbili. Vyote vilivutwa mbele yangu. Kuna wakati mshale unasita na ule weusi wa juu unaanza kubanduka kama magamba ya samaki. Hapo chuma kimesalimu amri na hakirudi tena urefu wake wa kwanza. Kinaendelea kurefuka, kinajitengenezea shingo, kinakatika kwa mlio unaokurusha moyo. Kwa nguvu, lori zote mbili zilifaulu.

Kijana akaniita pembeni, akaweka kipande cha lori la pili kwenye mzani. Mita moja ya Y12 inatakiwa gramu 888. Changu kilikuwa 760. Piga hesabu utapata unene wa milimita 11 na kidogo. “Chuma chenyewe kizuri, mathe, ila wamekikondesha.” Mashine haiwezi kukwambia hayo, kwa sababu pale nguvu inagawanywa kwa eneo halisi la mkato wa kipande. Nguzo yangu, kwa upande wake, imepigiwa hesabu ya 12.

Nilingoja cheti siku tisa, nikapiga simu mara nne, na mara ya nne dada wa mapokezi akaniuliza kama mimi ni wa lami ya Ruai. Kilipokuja, lori zote mbili zimeandikwa “Y12, imefaulu”. Safu ya uzito kwa mita imeachwa wazi. Tarehe ya kumwaga zege ni ya kabla sijanunua hata simiti. Walirekebisha tarehe. Kuhusu uzito, waliniambia kipimo hicho sikukiagiza.

Nyota tano kwa chumba cha mashine, mbili kwa ofisi. Ukienda, nenda asubuhi na usikubali kuacha sampuli getini urudi kuchukua karatasi. Lori la pili nililirudisha kwa muuzaji. Alibisha mpaka nilipoweka kipande juu ya mzani wangu wa keki, akaanza kupakia mwenyewe.