Kampala hadi Arua kumwona mchumba: kwa nini nimebaki na basi la mchana

Mchumba wangu ni muuguzi katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, na siku zake za mapumziko hushuka mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mimi kazi yangu iko Kampala, hesabu za duka la vifaa vya ujenzi. Kati yetu kuna takriban kilomita 500 za lami, Mto Nile tunauvuka mara mbili, na zamu za hospitali hazimwulizi mtu kama ana mchumba. Kwa hiyo mara nyingi ninayesafiri ni mimi. Nimekwenda kwa basi la usiku, kwa basi la mchana, na kwa gari langu, Toyota Spacio. Naandika kwa ajili ya yeyote ambaye moyo wake uko West Nile, eneo la Arua, na mshahara wake uko Kampala.

Nianze na pesa, maana ndiyo inayoamua mtaonana mara ngapi. Spacio yangu ikitunzwa vizuri inakwenda kilomita kama kumi na mbili kwa lita, yaani lita arobaini hivi kufika Arua. Petroli ikiwa karibu na shilingi 5,000 za Uganda kwa lita, hiyo ni laki mbili kwenda na laki mbili kurudi, kabla hujanunua hata maji ya kunywa. Mwaka 2022 bei ilipopita 6,000 gari nililiegesha kabisa. Basi, msimu wa kawaida, nimekuwa nikilipa kama elfu sitini kwa safari moja. Pesa ya kwenda na kurudi mara moja kwa gari inanipeleka na kunirudisha kwa basi mara tatu, na chenji inabaki. Kwa watu wanaopendana kwa mbali, hakuna faraja ya kiti cha gari inayoweza kulipia kuonana mara moja pale ambapo mngeonana mara tatu.

La pili ni mwili. Watu huhesabu saa za barabarani lakini hawahesabu saa za kuzinduka. Kwa gari nafika kwa saa saba au nane, mapema kuliko basi, lakini nafika mabega yamekaza na macho yanawaka. Mtu amekungoja wiki tatu, amepika, unaoga, unakula matonge mawili, unalala. Kesho yake mchana tayari unafikiria kurudi: tairi, mafuta, utatoka saa ngapi ili giza lisikukute kabla ya Luwero. Kwa basi nimeshalala njiani, nimesoma, nimepiga simu zangu zote za kazi. Nikishuka nina nguvu ya kukaa naye barazani hadi usiku tukizungumza yale ambayo kwenye simu hayasemeki.

Basi la usiku lina mvuto wake, sikatai. Unatoka kazini Ijumaa, unapanda jioni, alfajiri uko Arua, na hukuomba ruhusa kwa bosi. Nililipanda kwa muda. Aliyenikataza ni yeye. Aliniambia, "Mimi ni muuguzi, najua ajali ya usiku inafika hospitali ikiwaje. Njoo mchana, hata tukipoteza nusu siku." Na barabara hii haihitaji kutiwa chumvi. Oktoba 2025, baada tu ya saa sita usiku, mabasi mawili yaligongana wilayani Kiryandongo katika kuovateki, magari mengine yakaingia humo humo, na watu 46 wakafa. Mei 2018, wilaya hiyo hiyo, basi lililokuwa likielekea Kampala liligonga trekta gizani. Kipande cha kutoka Kafu hadi Karuma ni kirefu, kimenyooka, kinamshawishi dereva kukanyaga mafuta, na usiku malori mabovu husimama pembeni bila taa. Mchana dereva anaona. Abiria nao wanaona, na wakiona wanapiga kelele. Nimesikia basi zima likimwambia dereva apunguze mwendo, akina mama ndio waliotangulia, naye akapunguza. Usiku abiria wamelala, nani atasema?

Sasa basi la mchana lenyewe. Napanda Arua Park, katikati ya Kampala, alfajiri kabla ya foleni. Nakushauri ukate tikiti siku moja kabla, ofisini, kwa mkono wako, uangalie namba ya kiti imeandikwa na uipige picha. Wale vijana wanaokuvuta mkono nje wakisema "dada, Arua, Arua, tunaondoka sasa hivi" si wote ni wa kampuni. Kampuni moja, sitaitaja, iliwahi kuuza kiti changu mara mbili. Nilikuta mzee amekaa hapo na tikiti halali kama yangu. Kondakta alitaka nikae kwenye kigoda cha katikati ya njia hadi Kigumba, nikakataa. Mzee naye akasema, "Binti yangu, kosa si lako wala langu, wao ndio watafute kiti." Tukasimama wote wawili kwenye neno hilo hadi wakamhamisha kijana wao aliyekuwa mbele. Tangu hapo kampuni hiyo sipandi, hata nauli yake ikiwa ndogo.

Ukishapita Bwaise, Kawempe na Matugga, safari inatulia. Luwero wanauza mananasi dirishani. Migyera basi husimama, na hapo ndipo pa kula: nyama choma ya vijiti, gonja (ndizi za kuchoma), mihogo. Gonja ya moto ikinunuliwa, harufu yake inakaa ndani ya basi hadi Kafu. Karuma mnavuka Nile polepole, maji meupe yanaruka juu ya mawe chini yenu, basi zima linanyamaza na kuangalia. Kutoka hapo hadi Pakwach mnapita pembezoni mwa hifadhi ya Murchison Falls, nyani wamekaa kando ya lami kama wanaongoja nauli, na ukibahatika unaona tembo karibu na Pakwach. Nikiwa naendesha mwenyewe sijawahi kumwangalia tembo zaidi ya sekunde moja. Pakwach mnavuka Nile mara ya pili, wachuuzi wa samaki wakavu wanakuja dirishani, halafu Nebbi, halafu Arua. Jioni jua halijazama niko stendi na yeye amesimama hapo.

Daraja la Karuma lilijengwa 1963, na mwaka 2024 lilitutesa. Kwanza lilifungiwa malori na mabasi, kisha Septemba likafungwa kwa magari yote hadi karibu na Krismasi. Basi langu lilizungukia Masindi na kuvuka Nile kwa daraja la Paraa, ndani ya hifadhi. Saa ziliongezeka, lakini dereva wa basi alijua njia ya kuzunguka na nani wa kumuuliza. Mwenye gari dogo alijitafutia mwenyewe.

Gari langu nalipenda, na sitaki msomaji afikiri nalisema vibaya. Lakini mwanamke peke yake kwenye kipande cha Karuma hadi Pakwach aingie akijua anaingia wapi. Tairi la nyuma lilinipasukia humo, mchana wa jua kali, baada ya kupita njia panda ya Olwiyo. Tairi la akiba lilikuwa zima na jeki ilikuwepo, lakini nati moja ilikuwa imekaza na spana ilikuwa inateleza. Mtandao wa simu unakuja na kuondoka. Nyani wakaanza kusogea, si kwa haraka, wanakaa, wanasogea tena. Dereva wa lori la samaki akasimama, akashuka na bomba la chuma, akalivisha kwenye mkono wa spana na kukanyaga mara moja, nati ikalia na kulegea. "Dada, ingia ndani na huo mfuko wako. Wakiona mfuko wanajua ni chakula." Alibadilisha tairi mwenyewe, pesa akakataa, akaniambia tu nimfuate nyuma hadi Pakwach. Namwombea mpaka leo. Ila safari inayomtegemea msamaria mwema siwezi kuifanya kila mwezi.

Jambo jingine hulisikii hadi uende kwa wakwe: gari ukilifikisha Arua linakuwa la ukoo. Shemeji ana mgonjwa wa kupeleka hospitali, shangazi ana gunia la mihogo, kuna msiba Nebbi. Yote ni ya haki, na mimi sijakataa hata moja, kwa sababu nataka kuwa mtu wa nyumba hiyo. Lakini siku mbili zetu zimewahi kuisha zote mimi nikiwa nyuma ya usukani na yeye akiwa kwenye kiti cha nyuma amemshika mgonjwa. Nikishuka kwenye basi na begi langu moja na mkate wa mama mkwe, ninakaribishwa kama mgeni, nakaa, nakula samaki wa angara, naongea.

Gari bado nalichukua mara chache. Tukiwa watatu au wanne tunachangia mafuta, hesabu inageuka kabisa na gari linakuwa rahisi kuliko basi. Nikienda hadi Rhino Camp kwenyewe, njia ya vumbi, gari linasaidia, ingawa mvua ikinyesha naliacha mjini. Na tulipopeleka vitu kwa wazazi wake, magodoro na vyombo, hakukuwa na njia nyingine. Anayeweza kuendesha kwa zamu na mwenzake pia ana hoja, kwani uchovu unagawanyika.

Kama unataka nyota, basi la mchana nalipatia nne kati ya tano. Ya tano imeondolewa na muziki wa sauti ya juu tangu Bombo, na Desemba ambapo nauli inapanda bila huduma kuongezeka. Gari kwa mtu mmoja, mbili na nusu. Basi la usiku silipatii hata moja.

Gharama halisi ya basi la mchana ni ruhusa ya Ijumaa. Nilikwenda kwa bosi nikamweleza wazi, nikakubali kufanya kazi Jumamosi mbili kufidia, na akakubali mara moja kwa mwezi. Kurudi nachukua basi la asubuhi Jumapili, nafika Kampala jioni na Jumatatu niko mezani. Kukaa, chagua upande wa dereva unapokwenda, jua la mchana baada ya Karuma linapiga upande wa pili. Beba koti jepesi, maji, na noti ndogo kwa ajili ya Migyera. Tikiti ya Ijumaa ijayo nimeshailipia, dirishani, na yeye amebadilishana zamu na mwenzake.