Nimesoma utafiti wa kitabibu jioni na Jumamosi hapa Nairobi: nyota nne kwa darasa, mbili kwa ofisi

Tuanze na pesa manake najua ndio mnatafuta. Karo ya hii diploma ya uzamili ilikua laki mbili na ushee kwa mwaka, inalipwa kwa awamu, M-Pesa wanakubali, na ukichelewesha awamu moja mtambo wa wanafunzi unakufungia nje hata kama asaimenti ni ya usiku huo huo. Jina la chuo silitaji kwa sababu nitakayosema huko chini kuhusu ofisi yao si matamu, na mengi ya haya utayakuta pia kwa kozi zingine za aina hii hapa mjini, kwa hivo soma kama mtu anaetaka kujua anajiingiza wapi.

Mimi ni nesi, wadi ya watoto, hospitali ya umma. Darasani tulichanganyika manesi, klinikal ofisa, mafamasia, watu wa maabara na madaktari wachache, na raha kubwa ya kozi ilitoka hapo. Unamsikia mtu wa maabara akieleza vile ile sampuli uliyoacha kwa dawati masaa inamfikia seli zimeshapasuka, haina kazi tena, na wewe miaka yote ulikua unaapa ni wao wanapoteza majibu.

Sasa hii maneno ya kusoma huku unafanya kazi. Vipindi ni jioni mbili kwa wiki kuanzia saa kumi na moja unusu, na Jumamosi mchana kutwa, vingine kwa Zoom. Ukiisoma hivo inaonekana rahisi. Lakini zamu ya mchana ukimaliza kukabidhi ripoti ni giza linaingia, na mvua ikinyesha Nairobi unajua mwenyewe, Ngong Road inasimama, makanga anapandisha nauli bila aibu, unafika darasani wenzako wako slaidi za mwisho. Kwa hivo anaeamua kama utasoma ama hutasoma ni inchaji wako, yule mkuu wa wadi, na ile rota ya zamu anayoandika na kalamu, chuo hakina habari. Wangu alikua muungwana, ila kila mwisho wa mwezi nikimwendea kuomba ofu za Jumamosi ananiangalia juu ya miwani, "Sista, kwani hiyo shule yenu haifungwangi?" anacheka, alafu ananipanga naiti za Jumapili zote.

Kabla hujalipa hata shilingi ya fomu kaa naye mkubaliane zamu, na ukiweza pata barua kutoka kwa ofisi ya matroni, manake mainchaji wanahamishwa. Klinikal ofisa mmoja wa darasa letu alibadilishiwa mkubwa katikati ya muhula na huyo mpya hakutaka kusikia mambo ya shule, jamaa akawa analipa wenzake wamshikie zamu, akachoka, akaahirisha mwaka. Kichwa alikua nacho, hata kutuzidi.

Haya, uzuri. Moduli ya kusoma na kuchambua tafiti ndio ilinifanya nisijutie hiyo pesa. Mwalimu hakutuanzishia na maana ya hiki na kile, alitugawia jedwali moja limekatwa kichwa, halina jina la utafiti wala hitimisho. Watoto 3,141 wa Afrika wenye homa kali na damu haizunguki vizuri, makundi matatu, mawili yakapewa maji ya mshipa mengi kwa haraka, moja la albumini, protini ya damu, na lingine la salaini, maji ya chumvi, la tatu halikusukumiwa, dripu yao ikaenda mwendo wa kawaida tu. Akauliza, kundi gani walikufa wachache? Darasa zima, watu wa wadi tofauti tofauti, tukajibu bila kufikiria kwamba ni waliosukumiwa maji, manake ndivo tulivofunzwa, mtoto mikono na miguu ni baridi, unatafuta mshipa, unasukuma. Akafunua namba. Ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.6 ya wale wa albumini, 10.5 ya wale wa salaini, na 7.3 ya wale hawakusukumiwa. Daktari mmoja nyuma yangu akasema "aai" peke yake.

Huo ndio utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland anaefanyia kazi Kilifi, kwa hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ukachapishwa 2011 kwa New England Journal of Medicine baada ya kusimamishwa mapema kwa sababu ya hizo hizo namba. Ni watoto wetu, wadi kama zetu, na wengi wetu hatukua tumewahi kuusoma wenyewe, tulikua tunausikia tu kwa semina. Mwalimu akatufanya tuihesabu tofauti kwa kitu unachoweza kuona, katika kila watoto mia waliosukumiwa maji ni kama watatu zaidi walikufa. Alafu kabla hatujaanza kujiona wajanja akauliza swali lingine: ni nani hakuwemo? Watoto wa kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa kwa huo utafiti, kwa hivo usirudi wadi kesho ukamnyima maji mtoto aliyekauka kwa kuhara ati FEAST imesema. Hiyo jioni imebadilisha vile nauliza maswali kwa raundi, hadi daktari wetu mmoja sasa akitaja utafiti wowote ananigeukia mwenyewe, "Haya Sista, ni nani hakuwemo?"

Kitu cha pili ni fomu ya ridhaa, ile mtu anasaini akikubali kuingia kwa utafiti. Kila kikundi kiliandika protokali ndogo, yaani mpango wa utafiti, na fomu yake, alafu Jumamosi moja chuo kikawaita wazee na akina mama wa mtaani, wale hukaa kwa bodi za jamii za kushauri watafiti, sisi tuwasomee. Yetu ilikua ndefu, na kila mahali tumeandika mililita tano za damu. Mama mmoja akauliza mililita tano ni ngapi, yeye hajui. Mwalimu akatoa kijiko cha chai kwa mkoba, nadhani alikua amejipanga, akavuta maji na sindano, akasukuma polepole mpaka kijiko kikajaa hadi ukingoni. Mama akasema sawa, hiyo nimeona. Alafu mzee mmoja aliyekua kimya muda wote akauliza, "Na ikibaki, mnaipeleka wapi?"

Tukaangaliana. Tulikua tumeandika kila kitu, hadi nauli ya kumrudishia mshiriki, lakini damu inayobaki inakaa kwa friza ya nani, miaka mingapi, inaweza kupelekwa nje ya nchi ama la, ikitakiwa kwa utafiti mwingine nani anaulizwa, hakuna mahali tulikua tumegusa. Na wiki iliyotangulia ndio tulikua tumetoka kusoma Sheria ya Kulinda Data ya 2019, tunajibu maswali kama mawakili. Mzee hakukasirika, alisema tu, "Basi andikeni," akachukua chai yake. Kama kuna chuo kinakuuzia kozi ya namna hii na hakuna siku utakaa mbele ya watu kama hao, uliza kwa nini.

Baada ya hapo hata habari ya vibali iliingia kichwani bila kukariri. Kamati ya maadili kwanza, leseni ya utafiti kutoka NACOSTI ya serikali, na kama ni jaribio la dawa ama chanjo lazima Pharmacy and Poisons Board, wale wanasimamia dawa nchini, wakubali, alafu unalisajili kabla hujaandikisha mshiriki wa kwanza, wengi huku wanatumia PACTR, ile rejista ya Afrika. Jipange na muda tu, manake kamati ikikurudishia maswali na wewe uko naiti wiki nzima, kujibu kunangoja.

Takwimu walizipitisha mbio. Ukubwa wa sampuli tulifundishwa kwa kuingiza namba kwa programu na kuandika jibu, bila kuambiwa vizuri zile namba zinatoka wapi, na maabara ya kompyuta ilikua na SPSS, programu ya takwimu ya kulipia, kwa mashine chache hivo mnasukumana. Nilijifundisha R nyumbani, programu nyingine ya takwimu, manake ni ya bure, na wenzangu wawili watatu tukawa tunakutana Jumapili tunasumbuana nayo. Kama hesabu za shule zilikukwama, pata mtu wa kukushika mkono mapema.

Kilichoniudhi zaidi darasani ni slaidi za GCP, ile miongozo ya kufanya majaribio kwa watu vilivyo. ICH, shirika la kimataifa linaloiandika, walitoa toleo jipya la hiyo miongozo (E6), R3, Januari 2025, na sisi baada ya hapo bado tunasomeshwa R2 ya 2016 kama hakuna kitu kimetokea. Azimio la Helsinki, lile la maadili ya utafiti kwa watu, lilirekebishwa Oktoba 2024, slaidi ziko kwa la 2013. Mfamasia mmoja akainua mkono akasema, mwalimu mgeni akajibu ataangalia, na sijui aliangalia lini. Tunalipa laki mbili tukafunzwe kufuata miongozo, jamani.

Sasa ofisi. Ofisi ya fedha inafungwa saa kumi na moja. Darasa la watu wa kazi linaanza saa kumi na moja unusu. Rudia hizo saa mbili polepole. Ukitaka risiti, ukitaka kufunguliwa mtambo, ukitaka kujua mbona malipo yako hayaonekani na M-Pesa imeshakata, inabidi uombe ruhusa kazini, upande boda, ukae kwa benchi, alafu uambiwe mhusika ametoka kidogo. Simu hawashiki. Barua pepe wanajibu siku wakijisikia. Alama za muhula wa kwanza zilitoka tukiwa tumeshafanya mitihani ya wa pili, na kuna mwenzetu aliandikiwa hakufanya mtihani ambao mimi nilikaa naye dawati moja tukifanya. Zilirekebishwa, baada ya yeye kwenda mara nyingi kuliko inavofaa mtu mwenye kazi.

Na kama unafikiria kuendelea hadi masta, uliza wasimamizi kabla hujasaini. Wazuri wako, lakini wachache, na kila mtu anawataka. Wale waliotutangulia wengi wamekwama kwa tasnifu, darasa walimaliza vizuri, sasa wanalipa karo ya kila muhula wakingoja mtu asome sura ya pili. Mimi nimesimama kwa diploma kwanza, na nitaendelea siku nitaonyeshwa jina la msimamizi kwa maandishi na tarehe za kukutana.

Kazi je? Hili ndio swali la kila mtu. Kwa Nairobi nafasi ziko, mratibu wa utafiti, mtu wa data, mtu wa kufuatilia ubora, na sehemu za utafiti kama KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa afya, pale Mbagathi ama KAVI ya Chuo Kikuu cha Nairobi ni majina utayasikia kila siku darasani. Lakini nyingi ni za mkataba wa mradi, mradi ukiisha na wewe umeisha, na tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025 watu wenye uzoefu kukuzidi wako sokoni pia. Nimeona manesi wakiacha kazi ya kudumu ya kaunti kwa mshahara mnono wa mradi, mwaka mmoja baadaye wanauliza kwa gropu kama kuna lokamu, kazi ya kushikia zamu za muda. Mimi nimebaki wadi. Cheti kimenisaidia hapo hapo, nimewekwa kwa kamati ya ubora ya hospitali na tunafuatilia dozi za antibiotiki za watoto wachanga, kitu nilikua nalalamikia tu zamani bila karatasi.

Kuna wale mtaniuliza kuhusu za nje. London School of Hygiene & Tropical Medicine wana masta ya majaribio ya kitabibu unayosoma ukiwa nyumbani kwako, rafiki yangu yuko huko na anaisifu, hana shida ya jam wala ofisi kufungwa, ila karo ni pauni na hutapata wale wazee na kijiko. Na tafadhali usilipe mtu anaekuuzia cheti cha GCP peke yake kwa WhatsApp, The Global Health Network wanatoa mafunzo ya GCP bure kwa mtandao na cheti juu, unayafanya kwa simu ukiwa naiti imetulia.

Ya mwisho manake nimeulizwa sana: laptopu ya kawaida inatosha, hata ile ya kununuliwa ikiwa imetumika pale Moi Avenue, bora RAM iwe GB 8 na betri ikae, stima zikipotea katikati ya mtihani wa mtandao hakuna atakaekuongezea dakika.