Breki za nyuma: diski au dramu?

Ukikanyaga breki, uzito wa gari huhamia mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo hubeba kazi kubwa. Kwa hiyo Probox na Vitz nyingi za Nairobi huwa na dramu nyuma (bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu) na bado husimama vizuri.

Dramu ni hodari kwa hendibreki, maana kiatu cha breki, kipande cha ndani kinachosugua dramu, kikigusa dramu inayozunguka huvutwa na kujikaza zaidi. Shida zake hujificha. Silinda ya gurudumu, inayosukuma viatu, ikivuja, mafuta ya breki hulowesha viatu na gari huvuta upande mmoja. Viatu hivyo havioshwi, hubadilishwa pande zote mbili. Adjasta, inayosogeza viatu karibu na dramu vinapochakaa, ikiganda kwa kutu, pedeli hushuka na hendibreki hupanda juu mno. Na kwenye mteremko wa Mai Mahiu, dramu huhifadhi joto, hutanuka, na breki hulegea. Shusha gia mapema.

Diski, sahani ya chuma inayobanwa na pedi, hupoa haraka na hujikausha upesi baada ya kupita majini. Pedi huonekana kwa tochi. Zikibaki milimita 3, badilisha. Pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zikikwama, pedi moja huisha ilhali mwenzake bado nene: zisafishe, uzipake grisi ya silikoni. Kwa kalipa zenye hendibreki ya kebo ndani, pistoni nyingi (zinazosukuma pedi) hurudishwa ndani kwa kuzungushwa unapoweka pedi mpya. Fundi akiibana pistoni kwa nguvu bila kuizungusha, ataiharibu.

Kugeuza dramu ziwe diski? Pesa hiyo heri inunue pedi nzuri za mbele.