Nusu kaputi ya pua: ipi inakuachia usingizi usiku wa kwanza?

Anayekwenda kunyooshwa ukuta wa kati wa pua au kupunguzwa nyama za puani huuliza bei na maumivu. Usiku wa kwanza hauulizii, na ndio unaomtesa. Hapa tunazipima dawa za thieta kwa kigezo hicho.

Kwa nusu kaputi, propofoli inaongoza. Ni dawa nyeupe kama maziwa. Ampuli ya ml 20 ya asilimia 1 ina mg 200. Mtu mzima huanzishiwa mg 1.5 hadi 2.5 kwa kila kilo ya uzito, kisha pampu humwendeleza kwa mg 4 hadi 12 kwa kilo kwa saa. Huamka mtulivu, kichefuchefu ni kidogo, na mara nyingi daktari huona vizuri zaidi ndani ya pua kwa kuwa damu inapungua. Kasoro zipo: inachoma mshipani (lignokeini, dawa ya ganzi, kidogo hutuliza), inashusha presha, na mafuta ya soya yaliyomo ni chakula cha bakteria, hivyo ampuli iliyofunguliwa haitunzwi. Tatizo kubwa zaidi ni kanyula, kijibomba cha plastiki kinachopitisha dawa mshipani. Ikichomoka chini ya shuka, dawa inaishia kitandani na mgonjwa anaanza kuzinduka huku pampu ikiendelea kuhesabu. Mkono wenye dripu uachwe wazi.

Sevoflureni, ya kuvuta, ni rahisi kuiendesha na inafaa watoto wanaoogopa sindano. Inapoteza alama wakati wa kuamka: mgonjwa hajazinduka vizuri, anakuta pua imezibwa, anapapatika na kung'oa gozi, kitambaa kilichojazwa puani kuzuia damu. Aambiwe mapema kwamba ataamka akipumulia mdomo, na afanye mazoezi kwa kubana pua.

Halotheni, ambayo bado ipo katika baadhi ya hospitali za Afrika Mashariki, ina hatari yake hapa. Pua hudungwa adrenalini kuzuia damu, na halotheni huufanya moyo uchokozeke nayo hadi mapigo yakavurugika. Ketamini hupandisha presha, kwa hiyo damu huongezeka, na huleta ndoto za kutisha. Kwa pua tunaiweka mwisho.

Kazi ikiwa ndogo, ganzi inazishinda zote. Lignokeini yenye adrenalini isizidi mg 7 kwa kilo. Mwenye kilo 60 kikomo chake ni ml 21 za asilimia 2. Ubongo haukulazwa, basi usiku unavurugika kidogo. Ila utasikia mfupa ukikatwa, na damu itateremka kooni. Mwenye wasiwasi mwingi asijilazimishe.

Hata hivyo, dawa ya thieta haiamui peke yake. Gozi lililojazwa pua zote mbili kwa saa 24 hadi 48 hukausha koo na kumwamsha mtu kila mara. Vibao vya silikoni vyenye tundu la hewa vina nafuu kubwa, na tungelipia hivyo kabla ya kulipia propofoli. Dawa kali za maumivu kama mofini, pethidini na tramadoli hupunguza usingizi mzito na ule wa ndoto, na zinaweza kudhoofisha pumzi. Kwa maumivu anza na parasetamoli g 1 kila saa sita, isizidi g 4 kwa siku. Deksamethasoni, dawa ya steroidi, hupunguza uvimbe na kutapika lakini huweza kukukesha, sababu nzuri ya kuomba zamu ya asubuhi. Lala kichwa kimeinuliwa nyuzi 30. Usiku wa pili hadi wa nne ndoto zinaweza kufurika: mwili unafidia zilizokosekana usiku wa kwanza.

Anayekoroma na kukatikiwa pumzi alale wodini akiwa na kipimo cha oksijeni kidoleni, bila vidonge vya usingizi. Kama hutumia mashine ya kupumulia yenye barakoa ya pua, haitamfaa pua ikiwa imezibwa. Amuulize daktari mapema kuhusu barakoa inayofunika na mdomo, na siku ya kuanza kuitumia.