Steshenari na wakili: nilivyohangaikia karatasi za kuishi Mwanza

Mimi ni mzaliwa wa Homa Bay, Kenya, ng'ambo ya Ziwa Victoria hili hili, na nimeolewa Igoma, hapa Mwanza, tangu 2018. Miaka yote hiyo niliishi kwa mhuri wa mpakani kwenye pasipoti. Siku zikikaribia kwisha napanda basi hadi mpakani Sirari, navuka, nagongewa upya, narudi kwa mume wangu. Sisi wa Afrika Mashariki hatuombi viza kuingia, kwa hiyo nilijiona niko kwetu. Kumbe mhuri ule ni wa mtu aliyekuja kutembea, si wa mtu mwenye ndoa na mtoto hapa.

Kilichonishtua ni agizo la Julai 2025 lililowazuia wasio raia kufanya biashara 15 ndogondogo, saluni ikiwemo. Mimi nilikuwa nasuka. Nilifunga mlango, nikaanza kutafuta karatasi.

Nilianzia steshenari, kama wengi tunavyofanya. Jina lake silitaji. Maombi ya vibali siku hizi yanafanyika mtandaoni, na kijana wa pale alinichangamkia: "Dada, hiyo dakika ishirini tu." Akanifungulia akaunti kwa barua pepe yake na namba yake ya simu. Sikuliona kosa hilo wakati ule. Nilimlipa 60,000 ya kazi yake, ada ya serikali nikailipa mwenyewe kwa kontroo namba, nikaondoka na furaha.

Wiki zikapita, kimya. Niliporudi kuuliza, chumba kile kilikuwa kimegeuka duka la makava ya simu na kijana hapokei simu. Nilikuja kujua baadaye kwamba Uhamiaji walikuwa wameniandikia zamani: cheti cha ndoa kiliskaniwa kikakatika kona ya juu, namba yake haisomeki, kitumwe upya. Ujumbe ulikuwa umelala kwenye barua pepe ya mtu mwingine. Kona ya karatasi, upana wa kidole kimoja, na mimi huku nahesabu siku za mhuri wangu.

Wifi yangu ndiye aliyenipeleka kwa wakili, mama mmoja mwenye ofisi ghorofani maeneo ya Makoroboi. Ushauri ni 50,000, na risiti unapewa. Lawama yangu kwake ni moja: tuliahidiana saa nne, akaniita saa sita. Lakini nilipoingia alinipa saa nzima bila kugusa simu.

Aliniuliza kwanza, "Mdogo wangu, unataka kuishi, kufanya kazi, au kuwa Mtanzania? Hayo ni maombi matatu tofauti." Hakuna aliyewahi kunitenganishia hivyo. Pasi ya mtegemezi inakuruhusu kukaa na mumeo, haikupi ruhusa ya kufanya kazi. Vibali vya ukaazi viko madaraja: A ni wawekezaji, B walioajiriwa, C wengine kama wanafunzi na wamisionari. Kisha akafungua Sheria ya Uraia ya 1995, akanionyesha kifungu cha 11 kwa kidole. Mwanamke aliyeolewa na Mtanzania ana haki ya kuomba uraia wa tajnisi, yaani ule anaopewa mgeni kwa maombi, wakati wowote mume wake akiwa hai.

Akiwa hai. Mume wangu anavua sangara usiku. Nimelala macho mara ngapi upepo ukivuma nikimwombea arudi, na sikuwahi kujua kwamba hata haki yangu ya kuomba imo ndani ya mtumbwi ule.

Nilimuuliza pia kwa ajili ya jirani yangu, Mganda aliyemwoa mchuuzi wa dagaa wa soko la Mwaloni. Yeye kifungu hicho hakimhusu. Mwanaume hapiti mlango wa mkewe. Ataomba kama mgeni yeyote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka 10 iliyotangulia awe na jumla ya miaka 7. Hili liliniuma, maana watoto wake wote wamezaliwa hapa.

Na uraia pacha kwa mtu mzima Tanzania haina. Nikiupata huu, nitaukana wa Kenya. Binti yetu anazo damu mbili, na akifika miaka 18 atatakiwa kuchagua.

Siku hiyo hiyo wakili alinisimamia nikafungua barua pepe yangu, kwenye simu yangu. Neno la siri nimeliandika kwenye daftari la vikoba. Cheti tuliskani upya, kona zote nne zikiwemo, na pasi ya mtegemezi nimeipata. Saluni nimemwachia wifi, leseni ni yake, mimi sishiki kitana.

Kama umeolewa huku na unahangaika, 50,000 ile ilipe kabla ya 60,000 yangu ile ya kwanza. Fomu ya uraia ipo kabatini, sijaijaza. Kwanza naenda Homa Bay nikamwambie baba mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla hajasikia kwa watu.